Namba ya Kioo Si Joto la Waya: Rai juu ya Betri na Vipimo vya Sigara za Umeme

Miongoni mwa vyombo vidogo vya umeme vilivyoenea duniani tangu mwanzo wa karne hii, ni vichache vinavyotumiwa na watu wengi na kueleweka na wachache kama sigara ya umeme yenye kudhibiti joto. Asili ya chombo hiki yajulikana: Hon Lik, mfamasia wa China, alikibuni mwaka 2003. Kwa miaka kumi hivi baada ya hapo hakikuwa na siri kubwa. Palikuwa na betri, waya uliosokotwa, utambi wa pamba au nyuzi za kioo, na kimiminika kilichogeuka mvuke waya ulipopata moto. Mwaka 2014 kampuni ya Evolv ya jimbo la Ohio, Marekani, ilitoa bodi iliyoitwa DNA 40, ambayo iliweza kukisia joto la waya na kupunguza umeme kabla utambi haujaungua. Tangu hapo viwanda vya Shenzhen vimeiga na kuendeleza wazo hilo, na mtumiaji wa kawaida amekabidhiwa chombo chenye kioo cha namba, vitufe vitatu, na orodha ya mipangilio ambayo zamani ilionekana katika maabara tu.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba makala haya hayamshauri mtu yeyote aanze kuvuta. Nikotini hujenga uraibu, na kijana asiyevuta chochote hana faida ya kuitafuta katika mvuke. Zipo nchi zilizochukua hatua kali: Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vyombo hivi katika sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015. Hata hivyo marufuku haiitoi betri iliyokwisha kuingia mfukoni mwa mtu, wala haimfundishi fundi wa mtaani kwa nini chombo alicholetewa hakitoi mvuke ilhali betri imejaa. Swali la afya wanalo waganga. Mimi nazungumzia swali la umeme, ambalo naona limeachwa bila mwenyewe.

Rai yangu ni kwamba watumiaji wengi, na mafundi wengi pamoja nao, hukosea mahali pa kutupia lawama. Chombo kikizimazima hulaumiwa betri, kumbe kosa limo katika mipangilio. Betri ikipata moto mkali hubadilishwa mipangilio, kumbe betri yenyewe haifai kwa kazi ile. Mkanganyiko huu una chanzo kimoja, nacho ni imani kwamba namba inayoonekana kwenye kioo imepimwa. Haikupimwa. Ndani ya tangi hamna kipimajoto.

Tuanze na kanuni. Kila metali safi ikipata joto huupinga mkondo wa umeme zaidi kuliko ilipokuwa baridi. Jambo hili si geni hata kidogo. Mwaka 1871 William Siemens, Mjerumani aliyekuwa amehamia Uingereza, alipendekeza kwamba waya wa platini utumike kupimia joto, na hadi leo viwanda hutumia kipimajoto cha platini ambacho ukinzani wake ni ohmu 100 katika nyuzi 0 za Sentigredi na ohmu 138.5 katika nyuzi 100. Ukijua ukinzani, wajua joto. Sigara ya umeme hutumia hila hiyo hiyo, isipokuwa waya unaopima ndio huo huo unaochoma, na hupima huku ukichoma.

Chombo husoma ukinzani wa waya ukiwa baridi na kuuweka katika kumbukumbu yake. Kitufe kinapobonyezwa, waya hupata moto, ukinzani hupanda, nacho chombo huhesabu: kwa metali hii, ukinzani ukipanda kiasi hiki, joto limepanda kiasi kile. Neno la kushikwa hapa ni «kwa metali hii». Waya wa nikeli hupandisha ukinzani wake kwa takriban sehemu 0.006 kwa kila nyuzi moja. Titani, takriban 0.0035, chuma cha pua cha aina ya 316, takriban 0.00092 tu. Ule waya wa siku zote wa aloi ya chuma, kromiamu na alumini, ambao wengi huujua kwa jina la Kanthal, ukinzani wake haubadiliki kwa kiasi cha kufaa, na kwa hiyo hauwezi kudhibitiwa kwa njia hii hata mtumiaji abonyeze vitufe mpaka kucha. Sifa iliyoupatia waya huo heshima katika majiko ya umeme ndiyo inayouondolea thamani hapa.

Sasa natufanye hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya huwa porojo. Mtu ana waya wa nikeli wenye ohmu 0.10 ukiwa katika nyuzi 20, naye ataka usizidi nyuzi 230. Tofauti ni nyuzi 210. Ukizidisha kwa 0.006 wapata 1.26, kwa hiyo chombo kitaruhusu ukinzani upande hadi ohmu 0.226 kisha kikate umeme. Vema. Mtu huyo huyo siku nyingine ameweka waya wa chuma cha pua, lakini amesahau kubadili mpangilio, na chombo bado chadhani kina nikeli. Kitangoja ukinzani uongezeke maradufu na zaidi. Chuma cha pua hakitafika huko mpaka kiwe na nyuzi zipatazo 1,390, yaani pale ambapo chuma chenyewe hukaribia kuyeyuka. Ni sawa na kusema udhibiti haupo. Utambi utaungua katika mvuto wa kwanza au wa pili, na mwenye chombo atasema kimiminika kilikuwa kibovu.

Geuza kosa hilo upande wa pili. Waya ni wa nikeli, mpangilio ni wa chuma cha pua. Chombo chatazamia ongezeko la sehemu 0.193 tu, na nikeli hulitoa ongezeko hilo kwa kupanda nyuzi 32. Waya ukifika nyuzi 52, joto la maji ya kuogea, chombo chakata umeme na kutangaza kwamba kimelinda joto. Hakuna mvuke. Mwenye chombo aondoa betri, aweka nyingine. Hali ni ile ile. Anunua mpya, hali haibadiliki. Betri haikuwa na hatia yoyote.

Kosa la tatu ni la hila zaidi, nalo huwapata hata waangalifu. Chombo kinataka kusoma ukinzani wa waya ukiwa baridi, lakini watu hubadilisha tangi wakati wangali wanavuta, waya ukiwa bado na joto. Tuseme waya wa chuma cha pua wenye ohmu 0.50 umesomwa ukiwa na nyuzi 60, nacho chombo kikaandika kwamba hiyo ndiyo hali ya nyuzi 20. Mtumiaji akiweka kikomo cha nyuzi 230, waya utafika karibu nyuzi 278. Kioo kitaonyesha 230 bila haya. Na hapa niongeze jambo linalotuhusu sisi wa pwani: vyombo hivi aghalabu hutungwa na watu wanaodhani kwamba kila chumba duniani kina nyuzi 20. Mchana wa Februari Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 32, chombo kilichosoma waya uliopoa kabisa kitakosea kwa nyuzi 14 kwenda juu. Baadhi ya vyombo vina nafasi ya kuandika joto la chumba. Sijui ni wangapi waliowahi kuifungua nafasi hiyo, kwa kuwa maelezo yake hupatikana kwa Kichina na Kiingereza.

Limebaki suala la ncha za kugusana. Katika maabara, tukitaka kupima ukinzani mdogo sana, hutumia nyaya nne: mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusoma volti, ili ukinzani wa nyaya zenyewe usiingie katika hesabu. Sigara ya umeme ina njia mbili tu, nyuzi za skrubu na ncha ya katikati. Jasho, kimiminika kilichovuja na kutu ndogo huongeza ukinzani wao katika kipimo. Ohmu 0.01 ni kitu kidogo mno, lakini kwa waya wetu wa chuma cha pua wa ohmu 0.50 ni sawa na nyuzi 22 za kosa. Kwa hiyo chombo ambacho namba zake zarukaruka kisishukiwe betri kwanza. Kifunguliwe, ncha zipanguswe kwa pamba yenye spiriti, skrubu zinazoshika waya zikazwe kwa bisibisi, kisha chombo kiachwe kipoe robo saa kabla ya kusoma na kufunga namba ya ukinzani. Namba hiyo ikipanda na kushuka bila kitufe kubonyezwa, kuna mahali pamelegea. Nyuzi za titani zisichomwe zikiwa kavu hadi ziwe nyekundu kwa kisingizio cha kuzisafisha, kwa kuwa hufanya unga mweupe wa oksidi, na unga huo hautakiwi kuvutwa.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini nyuzi ishirini au hamsini zitushughulishe. Kimiminika ni mchanganyiko wa propilini glikoli, ambayo huchemka katika nyuzi 188, na gliserini, ambayo huchemka katika nyuzi 290. Utambi ukikauka, hapana tena kimiminika cha kuchukua joto. Pamba huanza kuungua, na gliserini iliyobaki huvunjika kuwa vitu vingine, miongoni mwao akrolini na fomaldehidi. Januari 2015 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine wakieleza kwamba katika volti 3.3 hawakuona misombo ya kutoa fomaldehidi, lakini katika volti 5.0 waliiona kwa wingi. Wapinzani wao walijibu kwamba katika volti zile chombo kile kilikuwa kikiunguza utambi, na hakuna mtu ambaye angestahimili ladha yake. Mimi naona pande zote mbili zimetuambia jambo moja: kiasi cha sumu hutegemea joto, na joto hutegemea mpangilio. Udhibiti wa joto ulibuniwa kuzuia hali hiyo hasa. Ukipangwa vibaya, unampa mtu ujasiri bila kinga, na huyo naona yu hatarini kuliko yule aliyejua tangu awali kwamba hana kinga.

Sasa niseme juu ya betri, ambayo ndiyo inayonitia hofu kubwa zaidi.

Betri inayotumika katika vyombo vingi vyenye betri za kutoa ni ile iitwayo 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na waliouweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Umbo la 18650 limo katika tochi, katika pawabenki, na katika kompyuta za mkononi za miaka iliyopita. Ndiyo sababu siwaafiki wenzangu wanaosema kwamba kueleza mambo haya ni kuhimiza uvutaji. Anayezijua hatari za betri hii ya sigara amezijua na za tochi ya mlinzi.

Betri mbili zenye sura moja zaweza kuwa na tabia mbalimbali kabisa. Moja imetengenezwa kuhifadhi umeme mwingi, labda miliampea-saa 3500, lakini yatakiwa itoe mkondo usiozidi ampea 8 au 10. Nyingine huhifadhi kidogo, lakini yaweza kutoa ampea 20 au 25 mfululizo. Ile ya kwanza ndiyo inayochomolewa katika kompyuta kuukuu na kuuzwa rejareja. Chombo kikitakiwa kutoa wati 75 kwa betri moja, na tukikadiria kwamba sehemu moja ya kumi ya umeme hupotea ndani ya bodi, betri iliyojaa kwa volti 4.2 itatoa takriban ampea 20. Ikipungua hadi volti 3.2 itatakiwa itoe ampea 26. Wengi hudhani kinyume, kwamba betri ikichoka hutoa mkondo mdogo. Ndivyo ilivyo kwa tochi ya kawaida, lakini chombo chenye kurekebisha umeme hushikilia wati zile zile, na kwa kuwa volti zimeshuka hakina budi kuongeza ampea. Betri basi huteswa zaidi pale inapokuwa dhaifu zaidi.

Hapo ndipo lilipo jibu la lalamiko linalosikika mara nyingi: «Betri yasoma volti 3.7 kwa multimita, mbona chombo chasema ni dhaifu?» Multimita imeipima ikiwa imepumzika. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, ambao huongezeka kwa uzee. Betri iliyozeeka ikiwa na ohmu 0.05, ukaidai ampea 20, hupoteza volti 1 ndani yake, kutoka 3.7 yaanguka hadi 2.7, na chombo, kwa haki kabisa, hukataa. Wakati huo huo wati 20 za joto zinazaliwa ndani ya mfuko mdogo wa chuma uliobana. Mwenye betri hiyo akipunguza wati za chombo itafanya kazi tena, na hilo si kosa kwa siku mbili tatu. Lakini ajue ya kuwa betri imekwisha kazi ile, na asiihamishie chombo kikali zaidi. Chombo chenye betri mbili chataka betri zilizonunuliwa pamoja, zikatumiwa pamoja, na kuchajiwa pamoja.

Juu ya kuchaji sina mengi. Chaja iishie volti 4.20, betri isichajiwe mtu akiwa amelala, na ile iliyoshuka chini ya volti 2.5 kwa muda mrefu isifufuliwe.

Idara ya Zimamoto ya serikali ya Marekani katika ripoti yake ya mwaka 2017 ilikusanya matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za umeme yaliyotokea nchini humo kati ya 2009 na 2016. Watu 133 waliumia. Matukio 61 yalitokea betri au chombo kikiwa mfukoni. Ripoti ile haikuhesabu kifo, lakini mwaka 2018 mtu mmoja alikufa Florida na mwaka 2019 mwingine Texas, wote kwa chombo kilicholipuka. Tuangalie hayo ya mfukoni. Mwili wote wa betri ya 18650 ni ncha hasi, na kinachoutenga na ncha chanya ni duara jembamba la karatasi na ganda la plastiki lisilozidi unene wa karatasi nzito. Ganda likichanika, funguo moja au sarafu ya shilingi mia mbili yatosha kufanya shoti. Ganda jipya bei yake ni ndogo na fundi hulivisha kwa moto wa kikausha nywele. Kisanduku cha plastiki cha kuwekea betri mbili bei yake si kubwa pia. Kuhusu usafiri, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikataza mwaka 2015 vyombo hivi visiwekwe katika mizigo ya tumboni mwa ndege; abiria hukaa navyo, ili moto ukitokea uonekane.

Kuna udanganyifu mwingine ambao fizikia ya kidato cha tatu yaweza kuufichua. Sokoni huuzwa betri za 18650 zilizoandikwa miliampea-saa 9900. Hakuna betri ya umbo hilo iliyo na uwezo huo. Fundi achukue betri iliyojaa, aiunganishe na kikinza kinachotoa ampea 0.7, atazame saa, aikate volti zinapofika 2.8. Betri ya kweli ya 3500 hudumu karibu saa 5. Ile ya 9900 ingepaswa kudumu zaidi ya saa 14. Yaelekea haitafika hata saa 3. Mizani nayo husaidia: betri nzima ya umbo hilo huwa na gramu 45 hadi 50, na iliyo nyepesi mno yafaa ishukiwe.

Jaribio hilo halihitaji mashine ya gharama. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yana maabara zinazoweza kulifanya kwa kila shehena ya betri zinazoingia bandarini, na kwa maoni yangu yapaswa kudai maneno matatu yaandikwe juu ya ganda: jina la kiwanda kilichoitengeneza seli, si la aliyeivisha ganda, uwezo wake kwa miliampea-saa, na mkondo wa mfululizo kwa ampea. Neno la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, nalo ndilo ambalo lingemzuia mtu kuitia betri ya kompyuta katika chombo cha wati 75. Wako watakaosema kwamba mashirika hayo yana mambo makubwa zaidi ya kukagua. Naafiki kwamba mambo makubwa yapo, lakini betri hizi huingia kwa maelfu katika pawabenki na tochi, na hukaa vitandani pamoja na watoto.

Kwa sasa, mwenye betri iliyoanguka ikabonyea, au iliyotoa harufu tamu ya kiyeyushi, asiirudishe katika chaja kwa kuijaribu. Afunike ncha zake mbili kwa utepe wa kuhamia umeme na kuiweka nje, juu ya mchanga au saruji, mbali na vitu viwezavyo kuungua, mpaka apate mahali panapopokea betri mbovu. Isitupwe katika pipa la takataka zinazochomwa. Ikiwa imekwisha kushika moto, maji mengi ndiyo yanayofaa, kwa sababu kinachotakiwa ni kupoza betri za jirani zisishike moto nazo, na moshi wake usivutwe.